Barua ya Wazi kwa Gavana na Wawakilishi Wadi: Tufungulieni Vitabu, Nyimbo Tunazo

Kwa:
Mheshimiwa Gavana,
Mheshimiwa Spika wa Bunge la Kaunti,
Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,
na wote mnaojipanga kutuomba kura tarehe 10 Agosti 2027.

YAH: ZAHANATI ISIYO NA MAJI, VIKAO VYA KUTUTIA SAHIHI, NA HAKI YETU YA KUONA HESABU

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu za heshima. Ninayeandika ni katibu wa kikundi cha wakazi wa wadi moja ya pwani ya Kenya. Kikundi chetu hakina mgombea wala mfadhili. Kilianza kama chama cha kuzikana, kikajiingiza katika mambo ya maji baada ya mifereji kukauka, na kwa njia hiyo kikafika kwenye bajeti ya kaunti, kwa sababu kila tulilouliza kuhusu maji tulijibiwa kwamba halikuwa kwenye bajeti.

Barua hii haikuwa na haja ya kuwa ya wazi. Tuliiandikia ofisi ya msimamizi wa wadi, tukaiandikia idara ya afya, kisha ofisi ya mwakilishi wetu. Nakala tulizobaki nazo zote zimepigwa muhuri wa kupokelewa. Jibu hatujapata hata moja. Tukienda kuulizia, karani hutuambia faili iko juu. Juu kwa nani, hatuambiwi. Basi tumeamua mambo haya yasomwe na kila mtu.

Kaunti siitaji kwa jina. Mtajitambua bila shida, na katika kaunti 47 nina hakika wapo wengine watakaodhani wameandikiwa wao. Nao pia wanakaribishwa kujibu.

Mheshimiwa Gavana, una mvuto, na hilo halina ubishi. Ulipokuja kuomba kura ulisimama juu ya gari, ukawaamkia wazee kwa lugha ya nyumbani, ukakumbuka jina la marehemu imamu wetu, ukatutajia kisima kilichochimbwa enzi za wazee wetu kana kwamba ulikinga maji hapo. Kina mama walitandika leso upite juu yake. Tukaambiwa tupige suti, kura zote sita kwa chama kimoja, na wengi wakapiga. Sina kinyongo na hayo. Kiongozi asiyeweza kuzungumza na watu wake ni mzigo wa namna yake. Ninayoyaandika ni ya baada ya leso kukunjwa.

1. Zahanati

Jengo lipo. Kuta nyeupe, mkanda wa buluu chini, bati jipya, na bamba la marumaru lenye jina lako, cheo chako na tarehe ya ufunguzi. Tangi la maji limesimama juu ya nguzo zake. Bomba linatoka tanki, linashuka na ukuta hadi kimo cha kiuno, halafu linakatika. Mdomo wake umezibwa kwa kitambaa. Hakuna tone lililowahi kupita ndani yake, kwa sababu upande wa pili, kule kwenye laini kuu ya maji barabarani, hakuna aliyechimba mtaro.

Muuguzi ni mmoja, na huja kwa siku zake. Ni mtu mwema. Maji ya kunawa mikono hununua kwa mkokoteni kwa fedha zake. Chumba cha kujifungulia kina kitanda ambacho hakijavuliwa nailoni ya dukani, nacho kimezungukwa na viti vya plastiki vilivyoletwa siku ya ufunguzi na kusahauliwa humo. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku hupakiwa kwenye boda boda, mbele dereva, nyuma shangazi wa kumshikilia, hadi hospitali ya kaunti ndogo. Barabara yenyewe mnaijua. Siku ya ufunguzi mliipitia na magari yenye vioo vya giza.

Tulichouliza kwenye barua zetu kilikuwa kidogo: nani alipewa kandarasi, kwa kiasi gani, na je, kuunganisha maji kulikuwa sehemu ya kazi aliyolipwa? Wakati wa ujenzi palikuwa na kibao, lakini kilitaja jina la mradi na la kaunti tu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ichapishe, mara tu mkataba unapotiwa sahihi, kazi inayofanywa, thamani yake, jina la mwanakandarasi na muda wake. Hatuombi siri ya serikali hapa.

2. Vikao vya ushirikishwaji wa umma

Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penye kiini cha barua hii.

Tangazo la kikao cha bajeti hutufikia kwa ujumbe wa simu unaopitishwa na mzee wa mtaa, pengine jioni ya kuamkia siku yenyewe. Kikao huwa ukumbi wa shule. Kitabu cha makadirio ya bajeti ni kinene, chote kwa Kiingereza, na huletwa nakala mbili tatu kwa ukumbi mzima. Hukaa meza ya mbele, mbele ya wageni waheshimiwa. Afisa husoma vichwa vya habari na jumla za mamilioni. Nje dereva hajazima injini, kwa sababu mchana wa siku hiyo hiyo wana wadi nyingine ya kumaliza.

Katikati ya haya hupita karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Karatasi hiyo haikosi kumfikia mtu. Aliye mlangoni hufuatwa, hata mama anayenyonyesha chini ya mwarobaini hupelekewa. Baada ya sahihi ndiyo nauli hutolewa, pamoja na soda na mkate. Kikao kilichopita, mama mmoja anayeuza mboga sokoni aliuliza ni kiasi gani kimetengewa dawa kwa zahanati za wadi yetu, akataka ukurasa. Afisa akasema hilo ni swali zuri, limenukuliwa. Akaendelea na barabara. Wimbo ukaanzishwa na vijana wa mwakilishi, na kikao kikafungwa kwa dua.

Ripoti iliyopelekwa mbele ilisema wakazi walishiriki kikamilifu na kuunga mkono makadirio. Ushahidi ulioambatishwa ni ile karatasi ya mahudhurio.

Waheshimiwa, Katiba yetu, kifungu cha 201, inataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika mambo ya fedha. Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imewapa kalenda isiyobahatisha: mpango wa maendeleo wa mwaka ufike bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha wa kaunti Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Tarehe hizi hamkuzijua jana. Anayejua Agosti kwamba Septemba kuna mpango wa maendeleo, kisha akatuma ujumbe usiku wa kuamkia kikao, hakuchelewa. Amepanga.

Na sababu ya kupanga hivyo naiona hivi. Kitabu kikifunguka, mvuto unapungua bei. Mkazi akijua kwamba fedha za dawa ziko ukurasa fulani, na ni kiasi fulani, na zilipitishwa Juni, basi yule anayekuja Oktoba na gari la dawa, kamera na matarumbeta anaonekana alivyo: mtu aliyeleta mzigo wa watu kwa mwenye mzigo, tena amechelewa. Kitabu kikibaki kimefungwa, mzigo ule ule unakuwa zawadi, na aliyeuleta anakuwa baba wa wadi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tumesifu sana bila kuuliza kibuyu kilijazwa wapi.

3. Basari, mazishi na kampeni za mapema

Fedha za basari ni kodi. Watoto wetu wanazipata kwa haki, si kwa hisani. Lakini utaratibu tunaouona ni wa hundi kubwa ya kadibodi, wazazi kupangwa mstari juani, na kila mmoja kushika ncha ya hundi pamoja na mheshimiwa apigwe picha. Orodha ya waliopata haibandikwi. Orodha ya waliokosa, na sababu ya kukosa, ndiyo kabisa haipo. Mzazi akinyimwa hajui kama ni kwa alama za mtoto, kwa upungufu wa fedha au kwa sababu alionekana kwenye mkutano wa mpinzani. Asiyejua hujipendekeza. Huo ndio mtaji mnaoujenga kwa fedha zetu.

Hapa nawageukia na nyinyi mnaotaka kuingia 2027. Mmeshaanza kuja kwenye mazishi yetu. Tulipokuwa chama cha kuzikana tu tulijua kila anayefika matangani amefika kwa ajili ya maiti. Sasa marehemu husubiri kando ya kaburi watu watatu wapeane kipaza sauti. Leso zenye sura zenu zimeshafika sokoni. Mnatuambia waliopo ni wezi na nyinyi ni wakombozi. Hakuna hata mmoja wenu aliyesimama akasema: nikichaguliwa, kitabu cha bajeti kitafika ofisi ya chifu kwa Kiswahili, wiki mbili kabla ya kikao. Ni ahadi ndogo, haihitaji matarumbeta, na labda ndiyo sababu hamuitoi.

4. Barua zetu

Sheria niliyoitaja ya 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 kuamua ombi la habari. Zimepita. Sina la kuongeza.

Mtauliza: haya ya karatasi na tarehe yana uhusiano gani na mageuzi makubwa, yale ya kupigiwa ngoma? Ruhusuni nikumbushe machache yaliyotokea nchini humu, maana kila msimu wa uchaguzi tunaambiwa mabadiliko yatakuja na mtu.

Mwaka 1992, baada ya mfumo wa chama kimoja kuondolewa kwenye katiba Desemba iliyotangulia, viwanja vilifurika. Jaramogi Oginga Odinga na Kenneth Matiba walikuwa na mvuto ambao hakuna kati yenu anayeufikia, mniwie radhi. Kabla ya mwaka kwisha FORD, chama chao cha upinzani, ilikuwa imepasuka, Odinga na chama chake, Matiba na chake, na kando yao Mwai Kibaki na chama chake cha DP. Desemba, Rais Moi akashinda kwa kura kama asilimia 36, wao wakigawana zilizobaki. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, kina mama wachache, wengi wao watu wazima wa shambani, waliketi Uhuru Park wakagoma kula wakidai vijana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alikuwa nao. Polisi wakawatimua kwa virungu na gesi. Baadhi ya mama wakavua nguo mbele ya askari, na kila Mwafrika anajua hiyo ni laana ya aina gani. Wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa chini humo karibu mwaka. Mapema 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwadai walikuwa wameachiliwa. Hakuna aliyekuwa ameomba kura ya mtu.

Mwaka 2002 Kibaki alishinda urais kwa asilimia 62, na nitakuwa dhalimu nikisema hakukubadilika kitu: Januari 2003 shule za msingi za umma zilifunguliwa bila karo, na watoto zaidi ya milioni moja wakaingia darasani. Lakini kilichonishangaza zaidi miezi ile kilitokea ndani ya matatu. Abiria walikuwa wakimkabili askari wa barabarani akinyoosha mkono, wakimkataza kondakta kutoa hongo. Hapakuwa na sheria mpya. Watu walikuwa wameamini kwamba serikali ni yao. Mwaka 2004 kashfa ya Anglo Leasing, ya kandarasi hewa za serikali, ikafumuka, wale wale tuliowabeba mabegani wakawa wanatajwa, na abiria wakarudi kutazama dirishani. Tulikuwa tumekabidhi imani yote kwa watu, na watu walipoanguka hatukuwa na chombo chetu wenyewe cha kuendeleza kazi.

Hayati Raila Odinga aliwania urais mara tano, kutoka 1997 hadi 2022, asitangazwe mshindi hata mara moja. Hapa pwani tunajua mvuto wake ulikuwa wa kiasi gani. Hata hivyo, ugatuzi unaowapa nyinyi vyeo, magari na ofisi haukungoja yeye wala mwingine aingie Ikulu. Tume ya kurekebisha katiba ilizunguka kila eneo bunge mwaka 2002 kusikiliza maoni. Pakawa na mabishano ya kongamano la katiba la Bomas, rasimu ikakataliwa kwenye kura ya maoni ya 2005, watu zaidi ya 1,100 wakauawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ndipo Agosti 2010 katiba ikapita kwa asilimia kama 67. Wanasiasa walikuwamo, ndio. Walisukumwa sana.

Karibu na nyumbani, Lamu. Mradi wa kinu cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, ulikuwa na baraka za serikali ya kitaifa na wawekezaji wenye mabilioni. Wavuvi, kina mama, wazee wa mji na vijana wakajikusanya chini ya Save Lamu, wakaenda Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira. Juni 2019 leseni ikafutwa, na moja ya sababu kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Naomba sentensi hiyo isomwe tena na wale wanaodhani karatasi ya mahudhurio inatosha.

Na Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia watu sumu ya risasi. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, mtoto wake mchanga akaugua. Alianza kwa kuuliza maswali, akapigwa, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaipindua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka yote hiyo, magavana, wabunge na marais walipishana kwenye mabango.

Sitaki kuwapaka mafuta wananchi kwa mgongo wa chupa. Mapambano haya yalikula watu, na mengine hayajaisha. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakaueleza kwenye simu zao hadi bibi yangu akajua kuhusu ushuru wa asilimia 16 uliokusudiwa kwa mkate. Walisema hawana kiongozi, hawana chama, hawana kabila. Rais alikataa kuutia sahihi siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni. Zaidi ya watu 50 walikuwa wamekufa kabla maandamano ya mwaka huo kutulia. Desemba baadhi ya mapendekezo ya ushuru yakarudi kupitia sheria nyingine, na idadi ya waliokuwa wakisoma ilikuwa imepungua sana. Kusoma mara moja hakutoshi, hata kwa gharama ile.

Sasa najua mtakayojibu, kwa hivyo niwapunguzie kazi.

Mtasema fedha hazijatoka Nairobi. Ni kweli Hazina ya Kitaifa huchelewesha mgao, na magavana wana haki ya kulalamika. Lakini kuchelewa kwa fedha hakuzuii mkataba wa zahanati kunakiliwa. Mashine ya kunakili haingoji mgao wa robo ya pili.

Mtasema wananchi hawasomi, wanataka nauli na soda. Wanachukua nauli kwa sababu wamepoteza siku ya kazi kuja kusikiliza jambo ambalo limeshaamuliwa. Yule mama wa mboga anajua bei ya panadol, ya glavu na ya nyuzi za kushonea, kwa sababu ndiye hutumwa akanunue wakati binti yake yuko kitandani. Mpeni ukurasa muone kama hasomi.

Mtasema tumetumwa na wapinzani. Wapinzani nao wamepelekewa barua hii, kama mlivyoona kwenye anwani, na fungu lao lina ukali wake. Atakayeketi kiti hicho Agosti 2027 atapata nakala, tarehe tu ndiyo tutabadilisha.

Na mtasema, kwa tabasamu, kama hamridhiki ngojeni debe. Hili ndilo linaloniudhi. Kati ya uchaguzi na uchaguzi kuna bajeti tano. Mwaka 2013 waliojitokeza kupiga kura ya urais walikuwa kama asilimia 86 ya waliojiandikisha, 2017 kama 79, na 2022 wakashuka hadi 65 hivi. Kuna watu wanaokata tamaa taratibu, na nyinyi mnawaambia wangoje. Hata haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muda wake ilikwama: vifungu vya sheria vilivyoiratibu vilikuwa vigumu kiasi kwamba Mahakama Kuu ilivibatilisha mwaka 2017. Kwa hiyo msitutume debeni kana kwamba ndilo mlango pekee. Sheria ya Serikali za Kaunti inatupa haki ya kuwasilisha malalamiko na inawapa nyinyi wajibu wa kuyajibu, tena haisemi baada ya uchaguzi.

Tunayoomba ni haya:

(a) Mkataba wa ujenzi wa zahanati, orodha ya kazi na gharama zake, malipo yaliyokwisha kufanywa na jina la mwanakandarasi, vitolewe kwetu na kubandikwa ukutani pale pale zahanati, chini ya bamba la marumaru.

(b) Maji yaunganishwe. Kama kazi hiyo ilikuwa imelipiwa, aliyelipwa arudi. Kama haikuwamo, tuambiwe nani alichora zahanati isiyo na maji.

(c) Nyaraka zote za bajeti zifike ofisi ya chifu, msikitini, kanisani na sokoni siku 14 kabla ya kikao, zikiwa na muhtasari wa Kiswahili unaoonyesha wadi yetu imepangiwa nini. Hatudai vitabu vyote vitafsiriwe. Kurasa za wadi zinatosha kwa kuanzia.

(d) Baada ya kila kikao tupewe jibu la maandishi: pendekezo gani limekubaliwa, gani limekataliwa, na kwa nini. Karatasi ya mahudhurio ikome kuhesabiwa kama kura ya ndiyo.

(e) Kila mradi wa wadi uwe na kamati iliyochaguliwa na wakazi, na mwanakandarasi asilipwe malipo ya mwisho hadi kamati hiyo itie sahihi. Msituambie haiwezekani. Makueni walianza utaratibu wa namna hii chini ya Gavana Kivutha Kibwana, profesa wa sheria ambaye sijawahi kusikia akisifiwa kwa kucheza ngoma jukwaani. Vikao vyao huanzia vijijini na kupanda hadi kaunti.

(f) Jukwaa la Bajeti na Uchumi la kaunti, ambalo sheria ya 2012 inataka liwe na wajumbe wasio watumishi wa umma sawa kwa idadi na maafisa wa serikali ya kaunti waliomo, litangazwe: wajumbe ni kina nani, nani aliwapendekeza, na mara ya mwisho walikutana lini.

(g) Orodha ya basari, waliopata na waliokosa kwa nambari za maombi bila majina, ibandikwe kila muhula. Hundi za kadibodi zikome.

Tunawapa siku 21 kuanzia leo, zile zile za sheria. Zikipita kimya, ombi la (a) litakwenda Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria ya habari. Malalamiko kamili yatawasilishwa kwa Karani wa Bunge la Kaunti kama ombi rasmi, na nakala itakwenda kwa Seneti, ambayo Katiba imeipa kazi ya kusimamia fedha za taifa zinazokuja kwenu. Tumeshaanza kusoma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti yetu. Jumamosi baada ya swala ya alasiri hukaa watu uwanjani, mmoja anasoma, mwingine anafasiri, yule mama wa mboga anaandika tarakimu kwenye daftari la kikundi. Mwakilishi wetu anakaribishwa. Hakutakuwa na meza ya mbele.

Kwa heshima,

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha wakazi wa wadi

Nakala:
Karani wa Bunge la Kaunti
Tume ya Haki ya Utawala
Seneta wa kaunti
Chifu na wazee wa mitaa
Ubao wa matangazo, zahanati